Maji ya Kunawa kwenye Meza ya Saba

Jina la baba mkwe wangu sikuwahi kulitamka alipokuwa hai, na kwa vile sasa amelala nyuma ya nyumba yake pale karibu na Nyaramba, sioni sababu ya kuanza. Kwetu mke wa mwana halitamki. Hampi mzee mkono. Hapiti mbele yake kama kuna njia ya nyuma, na zaidi ya yote hali chakula mbele ya macho yake, wala mzee hali mbele ya macho ya mke wa mwanawe. Heshima hiyo tunaiita chinsoni. Wageni wakielezwa hucheka. Mimi mwenyewe, nilipokuwa msichana wa shule ya misheni kule Manga, nilicheka pia, mpaka nilipoolewa nikaona kicheko hakinisaidii kitu.

Kosa la chinsoni haliishi kwa kuomba radhi. Linataka wazee waketi na linataka mbuzi achinjwe, la sivyo husemwa litamwangukia mtoto atakayezaliwa. Mwaka nilioolewa, mke mmoja wa ng'ambo ya mto aliteleza na mtungi wa maji akaangukia magoti ya baba mkwe wake. Alirudishwa kwao siku ile ile, na akakaa huko mpaka mbuzi alipopatikana. Sasa itazame nyumba yetu. Baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato, na mbuzi wa tambiko la namna hiyo hangemchinja hata kama angeshikiwa kisu. Kwa hiyo mimi nikikosea, nilikuwa sina dawa. Ama ningerudi Manga na sanduku langu, ama yeye angekiacha kiti cha kanisa ili anitakase. Nililijua hilo, na yeye alilijua. Mama mkwe wangu alilijua kutuzidi sote wawili.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mume wangu alikuwa karani bandarini Mwanza, amepewa nyumba ya chumba kimoja na jiko, na baada ya mwaka mzima wa barua hatimaye akaniita. Alituma tiketi mbili za meli, daraja la pili, chakula humo humo: moja yangu, na moja ya mama yake aje anikabidhi. Siku mbili kabla ya safari mama mkwe aliteleza akitoka kuchuma pareto, na kifundo cha mguu kikavimba asiweze hata kufika jikoni.

"Mzee ndiye atakayekwenda," alisema, akiwa amenyoosha mguu juu ya kigoda.

Nikabisha. Nikasema mimi si mtoto, ninajua Kiswahili, nitakwenda peke yangu.

"Mke hatumwi kama gunia la mahindi," akanijibu. "Mtakaa mbalimbali. Meli ni kubwa."

Yeye meli hakuwahi kuiona hata kwa mbali.

Kulikuwa na jambo jingine. Mzee alikuwa na ugonjwa wa sukari na alichomwa sindano kila siku. Siku ya safari tulipanda basi alfajiri, tukateremka mpaka Kendu, na karibu na gati tukaingia zahanati ili achomwe kabla ya kupanda meli. Dresa, yaani mhudumu wa zahanati, alimchoma, kisha akanivuta kando, kwa sababu mzee hakujua lugha yoyote ila Ekegusii.

"Dada, hii dawa ikishaingia, chakula lazima kiifuate," alisema. "Asipokula kwa muda wa saa moja atatoka jasho. Atatetemeka. Ataanza kusema mambo hayaeleweki, halafu ataanguka. Na huko majini hakuna daktari. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Ukiona jasho, mtie sukari mdomoni. Usingoje."

Saa ilikuwa tano kamili. Sikuwa na wasiwasi, maana mama mkwe alikuwa ametufungia kikapu cha ndizi za kuchemsha na ugali wa wimbi, na mzee angeweza kula chake upande wake nami changu upande wangu. Lakini gatini wachukuzi walikinyakua kile kikapu pamoja na masanduku, wakakitupa shimoni chini ya meli, na mfuniko wa chuma ukafungwa. Nilimfokea mmoja mpaka watu wakageuka. Hakujali hata kidogo.

"Chakula kipo, mama. Kengele hugongwa saa sita."

Saa sita ilifika na kengele haikugongwa. Mzee alikuwa ameketi sehemu ya mbele ya meli, kofia magotini, nami nilikuwa nimeketi nyuma, kama ilivyopasa, nikimchungulia katikati ya vyuma. Sikuthubutu kumsogelea nimuulize anajisikiaje. Nilihesabu mara anazopangusa paji la uso. Saa sita na robo alikuwa amepangusa mara mbili, na hewa ya ziwani ilikuwa baridi. Kengele ilipogongwa ilikuwa saa sita na nusu, na mimi nilikuwa tayari nimesimama.

Chumba cha kulia cha daraja la pili kilikuwa na meza kumi na mbili hivi, vitambaa vyeupe, na kwa kila mtu uma mbili, visu viwili, kijiko na kitambaa kilichokunjwa kikasimama wima. Mlangoni alisimama mhudumu mwenye koti jeupe, mtu wa pwani kwa lafudhi yake, ameshika orodha. Alisoma tiketi zetu. Zilikuwa zimenunuliwa pamoja, namba zikifuatana, na kwa hesabu yake sisi tulikuwa familia.

"Meza ya saba. Mzee hapa, na bibi hapa, mkabala."

Mkabala! Magoti kwa magoti. Kiti cha tatu kilikuwa na mama mmoja mnene wa pande za ziwani, amejifunga leso mbili, na cha nne hakikuwa na mtu. Mzee alisimama nyuma ya kiti chake. Mimi nikasimama nyuma ya changu, nikikodolea macho kile kitambaa kilichokunjwa.

"Kaeni basi," mhudumu alisema.

"Naomba meza nyingine," nikamwambia.

"Meza zimejaa. Kila tiketi na kiti chake."

"Basi nibadilishie na mtu."

"Dada, hapa si sokoni. Wageni hawahamishwi hamishwi. Supu haipakuliwi watu wakiwa wamesimama."

Nilitamani kumpiga kofi. Nifanye nini? Kumweleza chinsoni mtu wa pwani mwenye orodha mkononi, na watu hamsini wakisubiri supu? Nikasema sina njaa, nitatoka.

"Ruhusa. Lakini ukitoka hurudi. Mlango hufungwa supu ikianza."

Nikatoka. Nilimwambia mzee kwa Ekegusii, huku uso nimeuelekeza mlangoni, "Tata, kula. Dresa amesema ule mara moja." Nilisikia kiti chake kikivutwa. Nje nilisimama kwenye dirisha la duara, mahali ambapo ningemwona naye asinione, na nilijisifu kwamba nimelimaliza lile jambo vizuri.

Supu ililetwa, na mkate kando yake. Yule mama wa ziwani akaanza kunywa kwa sauti. Mzee aliinamisha kichwa, akaomba, akainua kichwa. Kisha akaweka mikono juu ya magoti akangoja.

Sikuelewa anangoja nini. Niliona watu wa meza zote wakila, yeye ameketi wima mbele ya bakuli linalofuka, akitazama mlango wa jikoni mara kwa mara kwa adabu ya mtu aliyekwenda kwa watu. Mama wa ziwani alimsogezea kijiko. Mzee alimshukuru kwa kichwa, hakukishika. Dakika zikapita. Mhudumu akaja, akaliona bakuli halijaguswa, akalichukua. Akachukua na mkate.

Hapo ndipo nilipoelewa. Alikuwa anangoja maji ya kunawa. Maishani mwake mwote hakuwahi kugusa chakula kabla ya kuletewa maji mikononi, na nyumbani mwaka ule wote aliyemletea ni mimi: naweka beseni na birika mlangoni, nageuza uso, naondoka. Hakuna hata siku moja aliyoyaomba. Mzee wa heshima haombi maji ya kunawa, huletewa.

Samaki wakaletwa. Wamechunwa ngozi, wamekatwa vipande, wamefunikwa mchuzi. Mzee aliwatazama, na safari hii hata adabu ilikuwa imemtoka usoni. Msabato hali samaki asiye na magamba, na hawa walikuwa wamevuliwa kila kitu ambacho kingemwambia ni wa aina gani. Alipangusa paji la uso. Mkono ulikuwa unatetemeka. Kola ya shati ilikuwa imelowa, na midomo yake ilikuwa inasema maneno ambayo hakuna aliyekuwa anayasikiliza.

Nilisimama pale kwenye dirisha, na nataka niseme kweli: sikukimbia mara moja. Nilifikiria mbuzi. Nilifikiria sanduku langu likiwa barazani kwa baba yangu Manga, na mama yangu akijifunika uso. Nilifikiria kwamba nina mwaka mmoja katika ndoa na sijazaa, na watu wameshaanza kuhesabu. Nilifikiria hata kwamba labda mtu mwingine atamsaidia. Halafu nikamwona mhudumu anaelekea meza ya saba kuchukua sahani ya samaki.

Mlango ulikuwa umefungwa kweli. Niliupiga kwa bega. Kijana wa jikoni akaufungua kidogo nami nikapita, naye akasukumwa ukutani.

"Dada! Nimekwambia ukitoka—"

"Acha hiyo sahani!"

Mhudumu alishtuka akaiacha. Mama wa ziwani alikuwa tayari amesimama, amemshika mzee bega.

"Hii mzee ni mgonjwa," akaniambia. "Ni yako?"

"Ni baba wa bwana wangu."

Alinitazama mara moja, akatazama kiti changu kitupu, akatazama kile cha mzee, na nikaona ameelewa yote. Kwao nao mkwe na mkwe hawali pamoja. "Uuui," alisema polepole. "Sasa itakuwaje?"

Nilimimina sukari ya chai ndani ya bilauri ya maji, nyingi, nikakoroga kwa kisu, nikazunguka meza. Nilimshika mzee kidevu. Mimi, kwa mkono wangu huu, nilimshika baba mkwe kidevu mbele ya watu hamsini, nikamwekea bilauri mdomoni. Meno yalikuwa yamebana. Alinitazama na hakunijua.

"Tata, kunywa. Tata, nakuomba."

Maji yalimwagika shatini. Nikajaribu tena, nikampapasa koo kama tunavyompapasa ndama anayekataa dawa, na safari hii alimeza. Akameza tena. Bilauri ikaisha nikakoroga nyingine. Sijui ilikuwa muda gani. Najua nilikuwa ninalia, na kwamba nilikuwa na hasira: na dresa, na wachukuzi, na mume wangu na tiketi zake za kufuatana, na mzee mwenyewe kwa kushindwa kusema neno moja tu, maji.

Kisha macho yake yakarudi. Yaliniona, yakauona mkono wangu ulikokuwa, na nikautoa haraka mno hata bilauri ikaanguka. Niligeuza uso. Lakini dresa alikuwa amesema chakula, na sukari peke yake si chakula. Nilichukua jagi la maji ya kunywa na bakuli tupu la supu, nikayaweka mbele yake juu ya kitambaa cheupe. Akanyoosha mikono. Nikamnawisha hapo hapo mezani, maji yakirukia uma na visu, na mhudumu akitazama.

"Samaki huyu ana magamba?" mzee aliuliza kwa sauti ndogo. Ndiyo maneno yake ya kwanza.

Nikamuuliza mama wa ziwani.

"Ngege," alisema. "Iko na magamba mingi. Mimi nauza samaki miaka kumi, najua hii hata gizani. Mwambie akule."

Nikamwambia. Mzee aliitazama ile sahani, mikono yake iliyonawa ikiwa hewani, na hakuigusa. Hakuwa na imani na neno la mtu asiyemjua, na mimi sikuwa na neno jingine la kumpa. Basi nilimega kipande kwa vidole, kutoka sahani yake, nikakitia mdomoni nikatafuna huku ananitazama. Nikameza.

Nilingoja ainuke aondoke.

"Keti, mwanangu," alisema. "Kitapoa."

Nikaketi. Sahani yangu ililetwa na tukala, yeye kwa vidole na mimi kwa vidole, magoti kwa magoti, hakuna aliyeinua macho. Sikuisikia ladha ya yule samaki. Mama wa ziwani alishika kitambaa chake kilichokunjwa, akakikunjua, akakiinua katikati yetu kwa mikono miwili kama mtu anayeanika nguo, na akakishikilia hivyo mpaka mikono ikachoka. Ni mtu ambaye ningependa kukutana naye tena.

Tulipomaliza nilidhani yameisha. Ndipo mtu mwenye koti la kaki akaja kutoka meza ya pembeni kabisa, akatabasamu, akatuamkua kwa Ekegusii. Alisema yeye ni wa Kiogoro, dereva, na amefurahi kusikia lugha ya nyumbani. Alimuuliza mzee ametoka ukoo gani, na mzee akamwambia. Akaniuliza mimi ni nani wa mzee. Niliinuka nikatoka nje.

Safari iliyobaki mzee alikaa mbele, mimi nyuma. Jioni yule mhudumu alimpelekea mzee sinia huko huko nje, na beseni la maji, bila kuombwa na mtu. Asubuhi tulipotia nanga Mwanza mzee alinikabidhi kwa mwanawe, akakaa juma moja kwa jamaa wa kanisa, akarudi Nyaramba. Mume wangu sikumwambia kitu.

Mwezi wa Desemba tulikwenda nyumbani likizo. Nilikuwa na mimba changa, na kwa sababu hiyo hofu yangu ilikuwa imekua maradufu. Siku ya pili, asubuhi, nilikuwa jikoni nikimenya ndizi na mama mkwe. Mlango ulikuwa wazi, na mzee alikuwa nje upande wa pili wa ukuta, kwenye kiti chake, akisoma somo la Sabato. Mama mkwe alisema bila kuinua kichwa:

"Kuna mtu wa Kiogoro nilikutana naye sokoni. Anasema alisafiri nanyi."

Kisu kilinikata kidole.

"Anasema ulimlisha mzee wangu kwa mkono. Anasema mlikula sahani moja mkitazamana. Nikamwambia ni mwongo, lakini nataka kusikia kwako. Mlikula pamoja?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeshaamua, tangu Mwanza, kwamba nikiulizwa nitasema kweli, na hata sasa naamini ningesema. Lakini sauti ilitoka nje ya ukuta, tulivu, sauti ile ya kusomea Maandiko.

"Mtu huyo hakuona vizuri. Nililishwa na mama mmoja wa ziwani, mnene, muuza samaki. Ndiye niliyekula naye. Mke wa mwanangu alikuwa nje ya mlango wakati wote."

Mama mkwe alinitazama kidole kinachotoka damu, akanipa kitambaa. "Nilijua," alisema, na akaendelea kumenya. Katika miaka yote aliyoishi hakuuliza tena.

Kama mzee alikuwa amewahi kusema uongo kabla ya asubuhi ile, hakuna anayekumbuka. Alikuwa mtu wa kurudi sokoni kilomita sita kwa sababu ya senti kumi alizozidishiwa.

Sabato iliyofuata ilikuwa ya meza ya Bwana, ile inayofika mara moja kila robo mwaka. Kiti chake kilikuwa mbele, karibu na meza, na yeye ndiye aliyezoea kuumega mkate. Siku hiyo aliwaambia wenzake mgongo unamsumbua, akaenda kuketi benchi la mwisho, mlangoni, pamoja na wageni. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, safu mbili tu mbele yake, na niligeuka, jambo ambalo mke wa mwana hafanyi. Sinia ya mkate ilimfikia. Aliitazama, mikono yake imetulia magotini, ndivyo alivyoketi mbele ya ile supu. Kisha akampitishia jirani yake bila kuchukua.

Alikaa benchi lile mpaka mtoto wangu akazaliwa mzima. Kila robo alipitisha ile sinia, na watu walisema ni mgongo.